Mtoto wa Gunzi

Kwa miaka ishirini na moja nimeijua Krismasi kwa upande wa mgongo.

Duka langu la vitambaa liko Biharamulo mjini, kando ya barabara, na katika safu yetu ni lenyewe tu lenye dirisha la kioo kipana. Marehemu mume wangu, Muksini, alikileta kioo hicho kutoka Mwanza kikiwa katikati ya magodoro mawili, na siku alipokipachika alitamba mtaa mzima utadhani amejenga ghorofa. Stuli yangu iko nyuma ya dirisha hilo. Nyumba na duka ni kitu kimoja, naingilia uani, natokea uani. Kwa hiyo chochote kinachopangwa pale kwa ajili ya wapita njia, mimi nakiona kisogo.

Aliyekuwa akipanga ni Adelfina. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa Bukiriro huko Ngara, mfupi wa kimo na mwenye sauti ya mtu mrefu. Alikuja kuniomba nafasi barazani mwaka ambao mumewe alimwacha na binti mchanga, Evarista, nami nikampa nikidhani ni ya mwezi mmoja. Mteja akinunua kitambaa kwangu alikuwa anageuka tu na kumkabidhi Adelfina. Tulikula pamoja na tukagombana pamoja. Nilimcheka miaka yote kwa kusema "balabala", naye alinicheka kwa kuwa mtu wa asili ya pwani ambaye hajawahi kuiona bahari.

Mimi ni Mwislamu na sikukuu ile si yangu, lakini dirisha ni langu na wateja wengi ni Wakristo. Desemba ya kwanza tu aliniambia, "Mama Hasani, dirisha hili linatazama balabala bure. Niachie mwezi huu." Nikamwambia pesa ya mapambo sina. Akasema, nani kataja pesa?

Akaenda kuokota magunzi kwa wachoma mahindi, akayaanika barazani kwangu mpaka nikaona haya. Kila gunzi likawa mtu. Refu kuliko yote likawa Yosefu, la pili Mariamu, yaliyobaki wachungaji. Aliyavalisha vipande vya vitenge vilivyobaki chini ya cherehani, akayashonea vichwa vya kitambaa na macho ya uzi. Kondoo aliwafanya kwa pamba. Punda akamtengeneza kwa maganda makavu ya mgomba, na nyota akaikata kwenye karatasi za fedha za ndani ya pakiti za sigara. Kuna mteja alimshauri atandaze pamba chini iwe theluji. Adelfina akamuuliza kama Yesu alizaliwa kwenye friji.

Mtoto alikuwa gunzi dogo kabisa, la hindi lililodumaa. Alimfunga kwa bafta nyeupe aliyoikata kwenye jora langu. Nikamwambia bafta ile mimi nauza ya sanda. Akasema nguo nyeupe ni nguo nyeupe, anayekuja anafungwa na anayeondoka anafungwa, nisimletee uchuro.

Basi kila mwaka ikawa hivyo. Mwezi mzima mimi nilikaa kwenye stuli nikitazama mgongo wa Yosefu, mgongo wa Mariamu, makalio ya punda, na kila mahali mafundo ya uzi. Mtoto tu ndiye niliyemwona uso. Tarehe ishirini na nne jioni Adelfina alinyoosha mkono, nami nikamtoa mtoto kwenye droo, kwa sababu ndimo alimokaa mwaka mzima pamoja na mkasi. Alimlaza kiubavu kwenye majani makavu, na yale macho mawili ya uzi mweusi yakawa yanatazama ndani, yananitazama mimi.

"Adelfina, mtoto wako ananikodolea macho," nilimwambia.

"Huyo ni askari," alijibu bila kuinua kichwa. "Anaangalia usiwapunje watu mita."

Tulicheka. Sikuuliza tena. Mtu akiwa karibu yako miaka ishirini na moja, unadhani utamuuliza kesho.

Machi mwaka huu alianza kutoka damu, na umri wake wa mambo hayo ulikuwa umeshapita. Alinificha mimi, Adelfina aliyekuwa hawezi kunificha hata mboga aliyopika. Kufikia Julai mguu wake ulikuwa hauna nguvu ya kukanyaga cherehani. Wakampa rufaa kwenda Mwanza, Evarista akaacha kazi yake ya kuuza duka la dawa akaenda kumuuguza. Mimi nilituma nilichoweza, nikauza na pete, na sisemi hivyo ili nisifiwe. Baraza likabaki na cherehani iliyofunikwa turubai. Wateja walikuja, wakaliangalia turubai, wakaenda kununua kitambaa mahali penye fundi.

Jumatano ya katikati ya Desemba Evarista akanipigia simu. "Shikamoo mamkubwa." Nikaitika marahaba, nikajua kwa sauti ile kwamba sina haja ya kuuliza.

"Madaktari wamesema twende nyumbani akapumzike," alisema. "Mjomba Anatoli amekodi gari. Tunampeleka Bukiriro. Jumamosi tutapita hapo."

Mtu wa umri wangu anaijua sentensi hiyo ya kwenda kupumzika nyumbani. Na Bukiriro si Biharamulo. Alikuwa anarudishwa kwao, kwenye migomba ya baba yake, na barabara hii angeipita mara moja tu.

"Ameniambia nikuulize kitu," Evarista aliendelea. "Kama dirisha umelipanga."

Nililitazama dirisha. Kulikuwa na sanamu moja ya kuvalishia gauni, isiyo na kichwa, na nzi wawili wamekufa.

"Mwambie tayari," nikasema. "Mwambie mwaka huu ni zuri kupita yote."

Uongo ukishautoa, unadaiwa. Nilifungua lile boksi alilokuwa akihifadhia mapambo yake juu ya kabati, nikakuta panya wamekula kila kitu. Yosefu alikuwa unga, na kondoo walikuwa wamegeuzwa matandiko ya watoto wa panya. Nilikaa sakafuni nikawatukana panya wale mpaka koo likaniuma, halafu nikalia kidogo, halafu nikainuka. Mtoto alikuwa salama kwenye droo. Nilimfungua nikamtazama: bafta imekuwa ya njano kidogo, lakini macho yapo na ule uzi mwekundu wa mdomo upo.

Sijui kushona. Watu hawaamini, wanaona mwenye duka la vitambaa wanadhani ni fundi. Mimi najua kupima na kukata. Nilikwenda kwa wachoma mahindi kama yeye, mtu mzima na mtandio wangu, nikaokota magunzi huku wananiuliza kama nimeanza kufuga nguruwe. Nikayakausha juu ya jiko la mkaa, mawili yakaungua, nikayafanya wachungaji. Vitambaa nilivifunga kwa mafundo badala ya kushona. Yosefu nilimwekea ndevu za nywele za mahindi, na nilipomaliza akawa ni Muksini mtupu, hadi ule mkao wa mtu anayetaka kukopa. Karatasi za fedha niliomba kwenye kibanda cha sigara. Majani makavu na maganda ya mgomba nilipewa bure na muuza ndizi, aliposikia ni ya Adelfina.

Shida ikawa moja. Sikujua lilivyokuwa likionekana kwa mbele. Mimi nilijua tu kwamba mgongo wa Mariamu unakuwa kushoto kwangu na punda yuko nyuma ya nguzo. Nikawa napanga ndani, natoka nje kupitia uani, nazunguka nyumba, natazama, narudi. Kwa siku mbili nilizunguka nyumba yangu kama mtu aliyepoteza ufunguo. Ijumaa alasiri nikasimama barabarani, nikaliona. Lilikuwa limekaa upande upande, nyota kubwa kuliko punda, lakini lilikuwa dirisha la Adelfina. Niliona aibu kwamba miaka yote hiyo sikuwahi kusimama pale.

Nilikuwa nimeshamweka mtoto. Nilimlaza uso ukitazama barabarani, kwa sababu Adelfina safari hii angekuwa nje, na nilitaka amwone.

Mzee Desderius akapita. Ni katekista mstaafu, mtu mwema, anayependa kusahihisha watu. Alivua kofia, akatazama sana.

"Umefanya kazi kubwa, Mama Hasani. Lakini mtoto hawekwi sasa. Bado tuko kwenye Majilio, tunangoja. Hori linakaa tupu mpaka mkesha."

"Mzee, mwenye dirisha anapita kesho. Mkesha hatakuwepo."

Akasema kwa upole, "Ndiyo maana nakuambia. Adelfina hakumweka mtoto hata mwaka mmoja kabla ya siku. Yeye alikuwa mkali kwa hilo. Akipita akakuta hivyo, ataumia. Ataona tumeharibu."

Nikakumbuka ule mkono ulionyooshwa kila tarehe ishirini na nne, si kabla hata kwa siku moja. Mimi nilidhani ni uvivu. Nikamtoa mtoto, nikamrudisha kwenye droo, na usiku huo nilipolala nilikuwa nimeshabadili nia mara nne. Mwisho nikaamua: nitamngoja afike. Nitamweka yeye akiwa anaangalia, amwone mara moja, basi. Kama Mungu wao atakasirika, anikasirikie mimi, Swabaha.

Gari lilifika Jumamosi saa nane mchana, Noah ya rangi ya maziwa. Likasimama ng'ambo ya barabara kwa sababu upande wangu kulikuwa na basi. Niliruka mtaro. Evarista alifungua mlango, na kwenye kiti kilicholazwa niliona kitu kilichofunikwa blanketi, na katikati ya blanketi macho ya Adelfina. Vingine vyote vya Adelfina vilikuwa vimekwenda. Sauti ile ya mtu mrefu ilikuwa imekwenda pia.

"Umenenepa," aliniambia kwa kunong'ona.

"Na wewe umekuwa mrembo wa mjini," nikamwambia, na machozi yakanisaliti palepale. Niliushika mkono wake. Ulikuwa na joto kali.

Basi lilipoondoka, dirisha likaonekana. Adelfina aligeuza kichwa kwenye mto. Alitazama muda mrefu. Niliona macho yake yakihama taratibu, kutoka kwa Yosefu kwenda kwa Mariamu, kwa wachungaji walioungua, kwa nyota. Kisha yakafika kwenye hori lililo tupu yakabaki hapo.

"Ngoja," nikasema. "Ngoja hapohapo."

Nilikimbia. Nilipitia uani kwa mazoea, mjinga mimi, badala ya mlango wa mbele, nikapoteza dakika. Nikavuta droo, nikamchukua mtoto, nikapenyeza mkono kati ya migongo ya magunzi, nikamlaza kwenye majani, uso barabarani. Kisha nikainama nikachungulia katikati ya Yosefu na Mariamu. Kwa mara ya kwanza nililitazama dirisha lile nikitafuta uso wa mtu wa nje.

Nilimwona vizuri. Alikuwa ananitazama. Akatikisa kichwa.

Sikuamini, nikangoja. Akatikisa tena, polepole, kwa shida, huku kidole kimoja kimeinuka juu ya blanketi kikimwelekea mtoto. Haikuwa ile ya kushukuru. Ilikuwa hapana.

Nikasema, Mzee Desderius alijua. Nimemharibia mtu Krismasi yake ya mwisho. Haraka haraka nikamnyakua mtoto kwenye majani, nikamficha chini ya mtandio kama mwizi, nikainua mikono yote miwili mitupu ili aone kwamba nimesikia, nimemtoa, asiwe na wasiwasi. Akafumba macho. Nikadhani ameridhika.

Nyuma yao lori lilikuwa linapiga honi, dereva wa Noah akaondoa gari. Nilipofika nje, safari hii kwa mlango wa mbele, niliona tu taa zake za nyuma zikikunja kona.

Adelfina alifariki Jumatatu alfajiri. Nilikata bafta kwenye jora, mita sita, sikupunja hata kidole, nikapanda gari la Ngara siku hiyohiyo. Kule Bukiriro wanawake waliichukua wakamfunga. Hakuna aliyeniuliza dini yangu. Mvua ilinyesha kwenye migomba, watu wakakaa chini ya turubai, wakazika Jumanne mchana.

Baada ya maziko Evarista alikuja kukaa karibu nami kwenye mkeka. Macho yalikuwa yamevimba kama ya mtoto aliyeumwa na nyuki. Nilimwomba msamaha.

"Wa nini, mamkubwa?"

"Wa mtoto. Nilimweka kabla ya siku yake. Mama yako akakataa, nikamwona mwenyewe. Nimekwenda kumuudhi mtu anayekufa."

Evarista alinitazama kama mtu aliyesikia lugha nyingine.

"Hakukataa mtoto," alisema. "Alifurahi. Alikataa ulivyomlaza. Alisema, amemgeuza vibaya, mwambie amgeuze atazame ndani. Nikafungua kioo nikuite, gari likaondoka. Akasema, kamtoa kabisa, yule mama hana akili. Akatabasamu. Nikataka kukupigia simu, lakini akalala, na alipoamka hakuwa anasema tena."

Nikamwambia sielewi. Ndani kuna nini? Watu wako nje.

"Kwani hujui?" Evarista alisema. "Watu walimlalamikia kila mwaka. Mzee Desderius ndiyo kabisa, alikuja mpaka nyumbani, akasema haifai Mkombozi awape waamini kisogo. Mama akamwambia, nyie wote mmegeuziwa sura mwezi mzima. Mama Hasani amekaa mle ndani na dirisha ni lake, bafta ni yake, anaona migongo tu. Huyu mmoja amtazame yeye."

Sikulia pale. Niliomba maji ya kunywa, nikanywa, nikaomba mengine. Nilikuwa nahesabu. Miaka ishirini na moja, kila tarehe ishirini na nne, na mimi nasema mtoto wako ananikodolea macho. Na yeye ananijibu kwa utani, kwa sababu mimi ni mtu wa utani, na kama angeniambia ukweli ningemdhihaki. Ningemdhihaki kweli. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Na mara moja tu aliponiomba kitu kwa kichwa chake mwenyewe, nikakifanya kinyume, nikamwonyesha mikono mitupu.

Nilirudi Biharamulo Jumatano, tarehe ishirini na nne, nikafika alasiri. Baraza lilikuwa na vumbi na cherehani ipo chini ya turubai lake. Nilitawadha, nikaswali, nikafungua duka. Kisha nikavuta droo.

Hakukuwa na mkono ulionyooshwa. Nikamchukua mwenyewe, nikampenyeza kati ya migongo, nikamlaza kiubavu kwenye majani, uso ndani. Nikakaa kwenye stuli. Macho yake mawili ya uzi mweusi yakanitazama, na hapo ndipo nililia, kwa sauti, duka likiwa wazi, mteja mmoja akaingia akatoka kimyakimya.

Nje watu walikuwa wanapita kwenda kanisani mapema wapate viti. Wengine walisimama kutazama. Mzee Desderius naye alisimama, amevaa koti lake la sikukuu. Aliinamia kioo, akatafuta, akaona kisogo. Akagonga kwa kidole.

"Mama Hasani," alisema kwa nguvu ili nimsikie ndani, "sasa ni siku yake. Mgeuze basi, na sisi tumwone!"

Nikamtazama mzee yule katikati ya Yosefu na Mariamu. Nikatikisa kichwa.